Mmea Ulioumia Safarini

Maneno ya kipindi cha redio cha asubuhi

   Sisi huku Pipeline tumeamshwa na mikokoteni ya maji kama kawaida yetu.

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza juu ya mtungi. Kwa mtu wa Pipeline neno hili halitaki maelezo. Mtungi ni ule wa plastiki, wa manjano, wa lita 20, ambao mama huupanga kwenye foleni kabla ya alfajiri, na ambao kijana wa mkokoteni huupandisha ngazi hadi ghorofa ya sita apate chochote. Lakini mtungi wa leo ni mwingine. Ni mdogo, waenea katika kiganja cha mtoto, wala haukutoka kiwandani. Umeota kwenye ncha ya jani.

Upo mmea ambao wataalamu huuita nepenthesi. Jani lake ni refu kama ulimi. Katikati ya jani upo mshipa, na mshipa huo haukomi pale jani linapokoma, bali huendelea mbele kama uzi, kisha uzi ule huvimba mwishoni ukawa mtungi wenye mdomo, na juu yake kifuniko. Ndani ya mtungi mna maji yaliyotengenezwa na mmea wenyewe. Mdudu hufuata utamu ulio chini ya kifuniko na kando ya mdomo. Mdomo ukilowa huteleza kama sabuni, basi mdudu huanguka ndani, huzama, na maji yale humyeyusha polepole hata mmea ukapata chakula chake. Wengi hudhani kwamba kifuniko hujifunga mdudu akishaingia. Hakijifungi. Husimama pale pale kama mwavuli, kuzuia mvua isiujaze mtungi.

Mtu atauliza, mbona mmea ule wadudu, nayo mimea mingine yote hutosheka na udongo? Ni kwa sababu ya mahali unapoota. Nepenthesi huota juu ya miamba, katika mchanga usio na rutuba, na kwenye vilele vya milima ambako mvua huosha chakula chote cha ardhi kikaenda zake. Mmea huo haukupewa udongo mzuri, nao umetafuta riziki mahali pengine. Tafadhali mlikumbuke jambo hili, maana ndilo litakalotusaidia mbele.

Wala mmea huu si wa mbali sana nasi. Katika bahari yetu hii ya Hindi, huko Shelisheli, iko aina moja inayoota katika milima ya visiwa vya Mahé na Silhouette, na haioti penginepo duniani. Madagaska nako iko. Mfaransa mmoja, Étienne de Flacourt, aliiandika habari yake katika kitabu chake juu ya kisiwa hicho mwaka 1658. Na humu humu Kenya, katika madimbwi na vinamasi vyetu, mna mimea midogo ya majini yenye vifuko vinavyonasa vidudu ambavyo jicho haliwezi kuviona vizuri. Huwa twaipita bila kujua.

Tena, kwa kuwa watoto walituuliza, na tuseme hapa: hakuna mmea unaokula watu. Mwaka 1874 gazeti moja la New York lilichapa habari ya mti wa Madagaska uliommeza mwanadamu. Ilikuwa hadithi ya kubuniwa tu, lakini ilizunguka dunia miaka mingi, na ilipofika Pipeline ilikuwa bado haijachoka.

Haya basi. Katika mwezi wa Februari mwaka 2024, mwalimu mmoja kijana wa kanisa letu, anayefundisha sayansi siku za juma na Jumapili huwafundisha watoto wetu, alikuwa akingojea sanduku kutoka Asia. Ndani yake ulikuwamo mmea mmoja wa nepenthesi, wa aina inayotoka katika milima ya Ufilipino. Alikuwa ameweka akiba miezi mingi. Mambo yote aliyafanya kwa utaratibu. Alipata kibali cha KEPHIS kabla mmea haujaondoka kwao, ukaja na cheti cha afya cha nchi ulikotoka, nao ulikuwa umeoteshwa kitaluni, haukung'olewa msituni. Maana nepenthesi zimo katika orodha ya mkataba wa mataifa wa CITES, kwa sababu watu wamezoea kuzing'oa milimani na kuziuza hata zikawa haba. Mizizi nayo ilikuwa imeoshwa udongo wote, kwa kuwa udongo wa kwao ungeweza kuleta magonjwa kwetu. Watoto walikwisha ahidiwa. Kila Jumapili waliuliza kama mgeni amefika.

Mgeni alipaswa kuwa njiani siku chache. Alikaa karibu majuma matatu. Mahali fulani sanduku liliwekwa kwenye joto, na mahali fulani kitu kizito kiliwekwa juu yake. Hatutaki kumlaumu mtu redioni. Mwalimu alilileta kanisani lingali limefungwa, tukalifungua pamoja mezani.

Wapendwa, mmea ulikuwa wa kusikitisha. Majani ya chini yalikuwa meusi na yamelainika. Ya katikati yalikuwa manjano. Mitungi yote ilikuwa imemwaga maji yake, imekauka na kukunjamana kama karatasi ya kufungia nyama. Ncha ya juu, pale jani jipya linapotokea, ilikuwa imepondeka. Na mizizi ilikuwa myeusi kabisa. Mzee mmoja aliitazama, akavua kofia yake kama tuvuavyo kaburini. Hakuwa akifanya mzaha.

Lakini mwalimu alikuwa amesoma. Alitueleza kwamba mizizi ya nepenthesi ni myeusi tangu kuzaliwa. Ni myembamba, ina vinywele, na mtu asiyeijua huitupa akidhani imeoza. Mzizi uliooza hujulikana kwa kushikwa, wala si kwa kutazamwa: ukiuvuta kidogo kwa vidole ngozi hutoka kama soksi, ukabaki uzi. Mzizi ulio hai ni mgumu. Akaishika mmoja mmoja. Michache ilitoka kama soksi. Mingine, na ilikuwa mingi kuliko tulivyotazamia, ilikaa imara.

Kumbe kitu kinaweza kuonekana kimekufa kwa sababu tu sisi hatujui rangi yake ya uzima.

Mimea kuumia safarini si jambo jipya katika Afrika Mashariki. Mkonge, ambao umewalisha watu wengi wa Tanga na wa Thika, ulifika hivyo hivyo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilizungushwa kwa meli hadi Hamburg, kisha ikaletwa Tanga. Iliyosalia hai ilikuwa 62. Wakaipanda hiyo 62. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, hakuna nchi duniani iliyouza mkonge mwingi kuliko hiyo. Twajua kwamba habari ya mashamba ya mkonge ina machozi yake pia, ya watu waliofanya kazi humo kwa kulazimishwa, lakini hiyo yataka siku yake.

Na yuko mganga wa London, Nathaniel Ward, ambaye mwaka 1829 alikuwa amefunika kiluwiluwi cha nondo ndani ya chupa yenye udongo mbichi. Akashangaa kuona mimea midogo imeota mle ndani na kuendelea kuishi bila kunyweshwa. Unyevu ulipanda ukagusa kioo, ukateremka tena kama umande. Mwaka 1833 alituma masanduku mawili ya kioo kwa meli mpaka Sydney, na mimea ikafika ikiwa hai baada ya miezi ya bahari. Kabla ya hapo sehemu kubwa sana ya mimea iliyosafirishwa baharini ilikufa kwa upepo wa chumvi na kwa kiu, maana maji matamu ya melini yalikuwa ya mabaharia.

Nasi sanduku la kioo hatuna. Tulichukua chupa kubwa ya maji ya kunywa, ile ya lita 20 inayopitisha mwanga, tukaikata chini. Ikawa nyumba ya mgonjwa wetu.

Na tuwaeleze jinsi tulivyomuuguza, maana yawezekana yuko msikilizaji mwenye mmea wa namna hii, au mwenye okidi iliyopata ajali kama hiyo. Kwanza mwalimu alichemsha wembe. Akakata majani yaliyokufa kabisa. Yale yenye kijani hata nusu aliyaacha, ingawa yalikuwa mabaya kutazama, kwa sababu jani bovu lenye kijani bado linalisha shina. Ile ncha iliyopondeka aliikata kidogo kidogo, kipande kwa kipande, mpaka alipofikia shina lililo kijani na gumu.

Pili, chungu. Hakutia udongo. Alichukua makumbi ya nazi kutoka Pwani, akayaosha mara nne, kwa maana makumbi huja na chumvi. Akayachanganya na vile vijiwe vyepesi vya volkano vinavyochimbwa katika Bonde la Ufa, ambavyo wakulima wa maua wa Naivasha huvitumia pia. Hivyo maji hupita, na hewa nayo hupita. Nepenthesi hupenda unyevu lakini haipendi kusimama ndani ya maji.

Tatu, maji yenyewe. Hapa ndipo Pipeline ilipotupa taabu. Maji mengi tunayonunua ni ya visima virefu, yale tuyaitayo maji ya chumvi. Tazama ndani ya birika lako, utaona ukoko mweupe. Ukoko ule ndio unaoua mizizi ya mmea huu, maana kwao hujua maji ya mvua tu. Nayo Februari ya Nairobi haina mvua. Basi mama mmoja anayeuza maziwa na soda karibu na kanisa alitupa barafu anayoikwangua ndani ya friza yake. Barafu ile ni mvuke wa hewa ulioganda, haina chumvi. Tukaiyeyusha, tukaiacha ipoteze baridi, tukanywesha. Kwa juma zima mgonjwa alitumia maji yasiyojaza chupa ya nusu lita.

Nne, mwanga. Ninyi mnaokaa ghorofa za chini katika mtaa wetu mwajua kwamba taa huwashwa saa sita mchana, kwa vile majumba yamekaribiana hata jirani waweza kumpa chumvi dirishani. Mmea haungeishi humo. Msimamizi wa ploti moja aliturusu tuuweke juu ya paa, kati ya kamba za nguo, kivulini mwa tangi, mahali penye mwanga mwingi bila jua kuupiga. Jua likiipiga chupa iliyofunikwa huupika mmea ulio ndani.

Baada ya hayo, kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko zote, nayo ni kutofanya kitu.

Mwafahamu jinsi watu wetu walivyo na upendo. Habari ilienea, na kila mmoja akaja na dawa. Mama mmoja alileta samadi ya kuku, iliyooza vizuri, kutoka kwao Kangundo. Kijana mwingine alileta mbolea ya dukani, ile chembechembe. Mzee mmoja alikuwa amesikia kwamba mmea hula nyama, akaleta nyama ya kusaga ndani ya kikaratasi, apewe mgonjwa mchuzi apate nguvu. Mtoto alitia sukari ndani ya mtungi uliokauka. Wote hao walipenda mmea upone. Na kila kimoja cha vitu hivyo kingeumaliza. Mbolea huunguza mizizi ambayo tangu asili haikuzoea chakula kingi. Nyama katika mtungi usio na maji huoza, na uozo hushuka mpaka jani. Mwalimu alipokea kila zawadi kwa mikono miwili na kushukuru. Samadi ikaenda kwenye sukuma wiki za gunia zilizo nyuma ya kanisa, nazo zilistawi sana.

Mwaujua mfano wa mtini katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mwenye shamba ataka mti ukatwe, naye mtunzaji anaombea mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi. Mara nyingi tumeuhubiri kama mfano wa subira, na ni kweli. Lakini tazameni pia kwamba yule mtunzaji aliujua mti wake. Mtini hupenda samadi. Kama ungekuwa nepenthesi, samadi ile ile ingeuua kabla mwaka haujafika nusu, na mtunzaji angesema kwa moyo safi kwamba alijitahidi.

Kisha lilikuja swali lingine, nalo hatukulipuuza. Mzee wa kanisa alituambia mbele ya wote, "Mchungaji, hapa watu wanapanga foleni ya maji usiku, nanyi mwanywesha jani la Ufilipino. Tutaambiaje watu?" Lilikuwa swali la haki. Katika mtaa huu mama huhesabu maji kwa kikombe. Yale ya kuoshea mchele huoshea vyombo, na yale ya vyombo humwagwa chooni. Tulimjibu kwamba hakuna mtungi wa mtu uliopungua, maana barafu ile ilikuwa ikitupwa mlangoni. Alisikia, akanyamaza. Lakini twaona aliuliza jambo lililo kubwa kuliko maji. Aliuliza kama twaweza kuwa na huruma juu ya mmea ilhali watu wanaumia. Hilo halikujibiwa siku ile.

Wapendwa, Pipeline iko jirani na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ndege hupita juu ya kamba zetu za nguo. Ndani ya ndege hizo huondoka mabinti wetu kwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia na nchi nyingine za Ghuba, na ndani ya ndege hizo hizo hurudi. Wengi hurudi salama. Fedha zao zimejenga nyumba na kusomesha wadogo zao, na si vema kuwazungumzia wote kana kwamba ni wa kuhurumiwa. Lakini wako wanaorudi wameumia. Hurudi kabla ya mkataba kwisha, na mfuko mmoja wa plastiki, bila mshahara wa miezi, wakati mwingine na kovu mkononi ambalo hawalielezi.

Na sisi huwapokea kwa upendo ule ule wa samadi ya kuku. Jumapili ya kwanza mtu ataka dada asimame atoe ushuhuda. Shangazi ataka kujua ameleta nini. Mjomba ataka kumtafutia mchumba haraka, asahau. Mwingine amemwandalia karamu, na watu 40 wamekaa wakimtazama jinsi anavyokula. Mwingine ana jamaa katika ofisi fulani, ataka kesho asubuhi wafuatane kuandikisha mashtaka. Kila mmoja ana nia njema. Naye binti hukaa katikati yao, macho chini, na ndugu husema amekuwa na kiburi tangu apande ndege. Hawajui rangi ya mizizi yake.

Kwa hiyo, katika kanisa letu, Umoja wa Mama una desturi nyingine. Hatumwiti mbele. Hatumwombi aeleze. Mama mmoja tu, asiye na maneno mengi, hupanda kwake siku ya kufua, wakafua pamoja paani. Akisema, husikilizwa. Asiposema, nguo huanikwa. Mambo ya haki na ya mishahara yana wakati wake, na hatuyaachi yapotee, lakini yeye ndiye asemaye lini. Binti mmoja alikaa hivyo miezi mitano. Siku moja akauliza kama sauti ya tatu katika kwaya ina nafasi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Alionyeshwa kiti.

Twarudi paani. Machi ikaisha bila dalili. Majani mawili kati ya yale tuliyoyaacha yakakauka. Watoto wakaacha kuuliza, na hilo lilimuumiza mwalimu kuliko walipokuwa wakiuliza. Mvua ilipokuja, ilikuja ile ya Aprili 2024 mnayoikumbuka, iliyoleta mafuriko Nairobi na kuchukua maisha ya watu. Katika mtaa wetu maji yaliingia vyumba vya chini, tukabeba magodoro na wazee kwenda kanisani. Siku zile hakuna aliyepanda paani kutazama mmea, na ilikuwa sawa.

Mwezi wa Mei mwalimu alipopanda, alikuta ndoo zimejaa maji ya mvua, na chupa imeangukia upande mmoja. Shina la zamani lilikuwa limekauka juu. Lakini chini kabisa, karibu na makumbi, pale ambapo jani lililokufa lilikuwa limeshikilia shina, kilikuwako kijidole cha kijani kisichozidi punje ya mchele. Mmea huu, ncha yake ikifa, waweza kuamsha jicho lililolala chini. Yaweza kuchukua miezi. Mtu anayetupa chungu baada ya majuma matatu hulitupa na jicho lile.

Julai baridi ikauchelewesha. Majani ya kwanza yalikuwa madogo, na ncha zake zilikuwa na uzi mfupi usio na mtungi. Mwalimu alituonya tusikate tamaa wala tusiulishe. Mmea ulioumia hutengeneza majani kwanza, na mitungi baadaye, ukisha kuizoea hewa ya mahali pake papya. Hewa yenyewe tuliizoesha taratibu. Tulitoboa tundu moja katika chupa, baada ya siku chache la pili, kisha tukaacha mdomo wazi usiku, kisha mchana kutwa. Ukiiondoa chupa kwa siku moja, jani lililokulia katika unyevu hunyauka mbele ya macho yako.

Mwisho wa Septemba uzi mmoja ulivimba. Uliinama, ukainuka tena kama shingo ya bata, na kichwa chake kikaanza kujaa. Kwa siku nyingi kilikuwa kimefungwa kabisa. Halafu asubuhi moja kifuniko kilifunguka, na ndani, kabla mvua wala mkono wa mtu haujagusa, yalikuwamo maji.

Aliyetupigia simu si mwalimu. Ni yule mzee aliyeuliza juu ya foleni. Alikuwa amepanda kuanika shuka zake, akaona. Tangu siku hiyo yeye ndiye hunywesha, kwa kikombe cha chai, Jumatano na Jumamosi, na funguo ya paa iko kwake. Swali lake hajaliondoa. Alipoulizwa alisema kwamba bado ni swali, lakini mtu aweza kunywesha akiwa nalo.

Leo mmea una mitungi mitano, na mkubwa wao ni sawa na kidole gumba cha mtu mzima. Jumapili iliyopita watoto walipandishwa watano watano, maana ngazi ni nyembamba. Walichungulia kwa tochi. Walihesabu chungu weusi 7, nzi mmoja, na mguu wa mende usio na mwenyewe. Yule mtoto wa sukari aliuliza kama sasa aweza kuupa kitu. Mwalimu alimpa chungu mmoja aliyekufa, akamwambia amwangushe mwenyewe, taratibu, asiguse mdomo wa mtungi.

Ndugu zetu wa Umoja wa Mama wanatuomba tuwatangazie kwamba makumbi yaliyooshwa yamebaki gunia moja, na mwenye kuyahitaji kwa okidi zake afike kanisani Jumamosi, saa nne asubuhi. Aje na chombo chake. Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutaendelea na Waraka kwa Wafilipi pale tulipoachia. Kwaherini.